Kinu Kilichomaliza Vibanzi

Jonah Nzioka alikuja kunizika akiwa amebeba mikate miwili na pakiti ya majani ya chai. Ndiyo heshima ya kwetu Ukambani, huendi kwa mtu mkono mtupu, hata kama unaenda kumchimbia kaburi. Alipaki Peugeot yake nje ya nyumba ya Union, akabishana kidogo na mbwa wangu, halafu akaingia akiita, "Mwangangi, bado unaishi ama tulete maua?"

"Maua weka hapo kwa meza," nikamwambia. "Chai inakuja."

Tulikuwa tunaongea hivyo tangu chuo. Tulisomea diploma pamoja Nairobi, wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na ilikuwa inapepewa kuliko mgonjwa wa hospitali. Tulipomaliza, Jonah alibaki mjini. Mimi nikaja Kitui, kwa Union ya wakulima wa pamba, ambayo wanachama wake wametapakaa kutoka hapa mpaka Kalamba na Sultan Hamud. Union ilikuwa imenunua kompyuta na haikujua iilishe nini. Jonah akaja likizo tukaiandikia programu, mimi na yeye, meza moja, kiti kimoja kikiwa na mguu mbovu. Yeye akarudi Nairobi. Mimi na hicho kiti tukabaki.

Programu yenyewe tuliandika kwa Kobol. Hiyo ni lugha ya kuiambia kompyuta kazi za ofisi: nani ni mwanachama, shamba ni la nani, amepewa mbegu na dawa kiasi gani, ameleta pamba kilo ngapi. Ina maneno mengi kama mama mkwe, lakini inasomeka. Vitendo ni vya Kiingereza, ila majina ya vitu unajiwekea mwenyewe, na mimi niliyaweka kwa Kiswahili. Mtu akiinama juu ya karatasi zangu anakuta MWENYE-BOMA, anakuta MRITHI, anakuta MBEGU-ALIZOCHUKUA. Hata mzee wa kamati aliyeishia darasa la nne alikuwa anafuata kidole changu na kusema, "Ehe, hapo sasa umesema ukweli."

Jonah alikunywa chai kikombe kizima kabla ya kusema alichokuja nacho.

"Ndugu yangu, Kobol imekufa."

"Lini? Mbona hatukuitwa matanga?"

"Sitanii. Nairobi hakuna mtu anaitaja. Mabenki wametoa, bima wametoa. Wewe peke yako ndiye umebaki huku ukilinda maiti. Siku hizi ni C."

"C nini?"

"C tu. Ndilo jina."

Nikamwambia hiyo lugha yenye jina la herufi moja, nadhani wametupunja. Alicheka. Lakini akaanza kunieleza, na mimi nikaanza kujitetea, na mtu akishaanza kujitetea nyumbani kwake mwenyewe, nusu ameshashindwa.

"Jonah, angalia kinu cha Mutindi pale," nikamwambia. Mutindi ni bibi yangu, mama watoto, na kinu cha kukobolea mahindi ya muthokoi kilikuwa pale mlangoni, cha mama yake, kimeng'aa ndani kama kikombe. "Ukinunua kinu kipya, mwaka wa kwanza unakula muthokoi na vibanzi vya mti. Unatoa kibanzi kwa meno, unatupa, unaendelea. Hiki kimemaliza vibanzi vyake zamani. Programu yangu ni hivyo. Vibanzi vyote tumeshakula."

Jonah alijipiga goti. "Mutindi, shemeji yangu, huyu mtu ananieleza kompyuta kwa kinu. Utampeleka wapi huyu?"

Mutindi alikuwa anakata mkate. Hakucheka. Akasema, "Sasa kama hiyo Kobol imekufa, wewe miaka hii yote umekuwa ukila nini, na umenona hivi?"

"Nilibadilika mapema, shemeji."

"Haya," akasema Mutindi, akamwekea kipande.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, uchaguzi unakaribia, na nchi nzima ilikuwa inaimba mabadiliko. Ukisimama na kitu cha zamani unaonekana kama mtu wa kuvutwa shati aketi. Vijana wakija kutoka Nairobi walikuwa wananiuliza natumia nini, nikisema Kobol wananiangalia vile unaangalia mtu anayevaa tai kwenda shambani. Jonah alijua hayo. Alinijua kuliko mbwa wangu anavyonijua.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Tufungue kampuni ya wawili. Alikuwa ameshaipa jina, Mwangangi na Nzioka, na alikuwa ameniweka mbele. Tuandike upya programu ya Union kwa C, tuilete kwa kamati kabla ya mvua, na baada ya Kitui twende Machakos, twende Embu, vyama vya wakulima ni vingi. Kitu kimoja tu: Union hainunui kitu kwa mfanyakazi wake mwenyewe. Sheria ndiyo hiyo.

"Jiuzulu mwezi huu," akasema. "Wakikaa mwezi ujao wakukute umetoka safi. Na nani mwingine atawaletea ombi? Ni sisi peke yetu."

"Na hii nyumba?" Mutindi akauliza. Nyumba ilikuwa ya Union. Bustani yake ya sukuma ilikuwa nyuma, na watoto wetu walikuwa wamezaliwa chumba kile cha pembeni.

"Shemeji, mtajenga yenu."

Nikaandika barua ya kujiuzulu. Niliipiga taipu mwenyewe, na nilitia utani ndani, kwamba naiacha Union mikononi mwa Mungu na kompyuta. Meneja alisoma akacheka mpaka akavua miwani.

Hapa lazima niwaambie kuhusu Susu Mbula, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kilichonikuta.

Jonah ni mtoto wa Kalamba, boma la Mbula. Kwa wasiojua mila yetu: mwanamke wa Kikamba ambaye hakupata mtoto, na ana shamba lake, anaweza kutoa ng'ombe na mbuzi akaoa mwanamke mwenzake. Huyo aliyeolewa anaitwa iweto. Watoto wake ni wa boma la yule aliyemwoa, wanarithi shamba, wanabeba jina. Si siri na si kichekesho. Mbula hakuzaa, basi akamwoa mama yake Jonah. Jonah akazaliwa. Mama yake akafariki Jonah akiwa bado anavaa kaptura, na Mbula akamlea, akauza pamba akamsomesha mpaka diploma. Wachungaji walikohoa kidogo kuhusu jambo hilo, halafu wakazoea, maana Mbula ndiye alikuwa anafagia kanisa. Jonah alimwita Susu, yaani nyanya, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Lakini ukimuuliza chifu wa pale baba yake Jonah ni nani, atakwambia Mbula bila kufikiri.

Sasa, ule msimu wa kwanza wa programu yetu, mimi na Jonah tulikuwa vijana wenye diploma mbichi. Tuliandika kwamba mwenye boma akiwa na bibi, basi ni mwanamume. Kitabu cha chuo kilisema hivyo. Kompyuta ikamkataa Susu. Depo ya Kalamba wakamwambia hayumo, hana mbegu.

Akaja Kitui. Alikaa kwa benchi nje ya ofisi, kiondo mapajani, akangoja mpaka tukatoka kwenda chai. Hakupiga kelele.

"Kompyuta yenu imesema mimi sipo," akasema. "Nimelima pamba kabla nyinyi hamjaota meno. Mama yako, Jonah, nilimtolea ng'ombe, na waliokula wako hai. Sasa ingieni mwambie hiyo redio yenu."

Jonah alijifunika uso kwa mikono. Chai hatukunywa. Tukarudi ndani, yeye akasimama nyuma yangu akitamka, mimi nikiandika. Tukaweka kipande kidogo, mistari michache tu, tukakipa jina BOMA-LA-MAMA. Kinasema mwenye boma akiwa mwanamke na ana bibi, usishangae, endelea na kazi. Susu akaandikishwa, akapata mbegu. Baada ya mwezi wakaanza kuja akina mama wengine, kutoka Mbooni, kutoka Mutomo, waliokuwa wamekataliwa na wakaona haya kusema.

Na si hao tu. Kulikuwa na mzee mwenye mabibi wawili depo mbili tofauti, akihesabiwa kama watu wawili. Kulikuwa na marehemu ambaye alibaki mwenye shamba kwa sababu watoto hawajaelewana, na ukimtoa wanapigana. Kwetu mtoto anaitwa jina la babu, kwa hivyo Nzioka wa Mbuvi na Mbuvi wa Nzioka wanapokezana mpaka unapata kizunguzungu, na kila mmoja anataka gunia lake. Kila kisa nilikiandikia kipande chake. Ukisoma programu ile kutoka juu mpaka chini, ulikuwa unasoma ugomvi wote wa wilaya, na namna ulivyoisha.

Sasa tulipoanza kuandika ile mpya, Jonah aligawa kazi.

"Wewe andika mbegu na mizani," akasema. "Mimi nitaandika wanachama."

Nikaona ni sawa. Tena nikafurahi. Wanachama ndiyo sehemu yenye miiba, na nani anaijua kuliko mtoto wa Susu? Nilijifunza ile C kwa kitabu alichoniletea. Imejaa alama zilizopinda, kurasa nzima ni kama kuku amepita kwa unga. Lakini nilishika. Usiku sikulala vizuri na mchana nilikuwa najisikia kijana. Mutindi aliniambia nimeanza kupiga miluzi.

Jonah alinipa sehemu yake asubuhi ile ile ya mkutano. Alisema alipata pancha njiani. Niliweka disketi, nikajaribu majina machache, jina langu, la jirani, yote yakaingia vizuri. Sikumjaribu Susu. Ningemjaribuje? Ingekuwa kama kumuuliza Jonah kama anakumbuka kwao.

"Leo ongea wewe," Jonah akaniambia mlangoni, akininyoosha kola. "Wewe ndiye wanakupenda. Mimi nitakaa nyuma. Hata ombi limeandikwa jina lako tu, kampuni tutaisajili baadaye."

Ukumbi wa Union ulikuwa umejaa wajumbe wa depo zote. Susu Mbula alikuwa safu ya mbele, mjumbe wa Kalamba, amevaa viatu vyake vya kanisani. Mwenyekiti alikuwa Bwana Abdulkadir, wa zile familia za Kiislamu za zamani hapa mjini, ambao babu zao walinunua pamba kabla Union haijazaliwa. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ukisimama kuongea baada yake unasikia chako kimevaa ovaroli.

"Bwana Mwangangi," akasema, "tafadhali tufafanulie."

Nikasimama. Nikafanya vile ninavyojua. Niliwaambia ile programu ya zamani ni koti la marehemu babu, zito, lina mifuko mingi, na hakuna anayejua ndani ya mifuko kuna nini. Wakacheka. Nikawaambia kila nikiifungua asubuhi nasikia ikikohoa. Wakacheka zaidi. Nikawaambia kule Nairobi imeshazikwa, sisi ndio tumebaki tukiiletea uji. Mzee mmoja wa Mwingi alikuwa anafuta machozi. Nilikuwa naitukana kazi yangu mwenyewe, na nilikuwa naifanya vizuri sana.

Halafu nikawasha ile mpya. Bwana Abdulkadir akasema ajitolee mjumbe mmoja tumwone ndani.

Sauti ikatoka nyuma. Jonah. "Mwiteni Susu wa Kalamba. Ndiye wa zamani kuliko wote."

Nikafikiri anamtukuza. Nilimpa mkono Susu nikamkalisha karibu na kioo cha kompyuta. Nikaandika jina lake, boma lake, jina la marehemu bibi yake, jina la Jonah kama mrithi. Nikabonyeza.

Kioo kikaandika, na Bwana Abdulkadir, kwa sababu macho yake yalikuwa mazuri na alipenda kusomea watu, akasoma kwa sauti kabla hajajizuia.

"Kosa. Mwenye boma ni mwanamke. Hawezi kuwa na bibi. Mwanachama hayupo."

 Nikafuta, nikaandika tena polepole, kama mtu anayerudia kubisha mlango wa nyumba anayojua kuna watu. Jibu likawa lile lile.

"Kwa hivyo hana mbegu?" mtu akauliza.

 Susu alikuwa anaangalia kile kioo vile unaangalia mtu uliyemlisha.

Mzungu angekosea pale. Kijana wa chuo cha Nairobi angekosea pale, na sisi wenyewe tulikosea pale mara moja tukiwa wajinga. Lakini mtoto aliyekulia boma lile, aliyesimama nyuma yangu akinitamkia mstari mmoja mmoja, huyo hawezi kukosea pale. Huyo lazima awe ameweka hivyo kwa makusudi. Nikageuka nikamtafuta. Alikuwa ananiangalia bila wasiwasi wowote, mikono imekunjwa.

"Jonah," nikasema, "hiyo sehemu ni yako. Mimi niliandika mbegu na mizani. Wanachama uliandika wewe."

Jonah akatabasamu, akatikisa kichwa taratibu. "Mwangangi. Hata leo?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikasema tena. "Wazee, sitanii. Jonah ndiye ameandika hapa."

Wakacheka zaidi, maana mchekeshaji mzuri hurudia. Yule mzee wa Mwingi alipiga benchi. Miaka yote niliyokaa Union nilikuwa nimewafundisha watu hawa kitu kimoja, kwamba nikifungua mdomo na uso wangu ukiwa mkavu, hapo ndipo utani wenyewe uko. Nilisimama pale uso mkavu, na kila nilivyokausha uso ndivyo walivyocheka.

Bwana Abdulkadir alingoja kelele ipungue. "Tunalo pia ombi la pili mezani," akasema. "La Bwana Nzioka. Si la kuleta kipya. Ni la kuitunza hii iliyopo, kwa kuwa aliyekuwa akiitunza amejiuzulu. Bwana Nzioka, karibu."

Jonah akaja mbele. Alipopita karibu na mimi alinigusa bega, kama mtu anayempa pole mfiwa.

"Wazee wangu na akina mama," akasema, "ndugu yangu Mwangangi anafanya mzaha, lakini jambo ni zito. Mimi kazi yangu Nairobi ni mabenki na bima. Nawaambia ukweli, nyuma ya ukuta wote wanatumia hii hii Kobol. Si kwamba hawajui mpya. Wanazijua, na pesa ya kununua wanayo. Lakini ile ya zamani imeshagombana na watu wao na imepatana nao. Mashine ikichoka wananunua mashine, programu ni ile ile, inahama kama mpangaji na vyombo vyake. Mtu wa kuiangalia hakosi, maana vyuo vimefundisha wengi. Na inasomeka. Bwana Mwenyekiti anaweza kuisoma. Hii nyingine nani hapa ataisoma?"

Wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kompyuta, bado nimeshika ile disketi. Nilisikia kila neno, na nilijua kila neno ni kweli, kwa sababu nusu yake nilikuwa nimemwambia mimi, kwa sebule yangu, juu ya mkate wake.

"Mama zetu hapa wanajua," Jonah akaendelea. "Ukinunua kinu kipya, mwaka wa kwanza unakula muthokoi na vibanzi. Leo Susu amekula kibanzi mbele ya macho yenu. Kwa nini tumpe kingine? Tunacho kinu kilichomaliza vibanzi vyake."

Akina mama wakapiga makofi. Kinu cha mama mkwe wangu, jamani, kimetembea mpaka ukumbi wa Union na hakijanisalimia.

Waliinua mikono. Hata kuhesabu hawakuhesabu.

Nilimfuata Bwana Abdulkadir mezani watu wakitoka. Nikamwambia Kobol ile ni kazi yangu, kila mstari naujua, niachieni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huyo mzee ana adabu.

"Bwana Mwangangi," akasema, "mimi nakupenda. Lakini ulijiuzulu kwa hiari yako, na leo umesimama hapa ukatuambia ni koti la marehemu. Hatuwezi kumkabidhi mgonjwa mtu aliyekwisha kumtangazia kifo." Akakusanya karatasi zake. "Funguo za nyumba, mwisho wa mwezi, tafadhali."

Jonah nilimkuta nje, anapangusa vumbi kwa kioo cha Peugeot. Hakukimbia. Hilo namkubalia.

"Uliniambia imekufa," nikamwambia.

"Nilikuambia. Na wewe ukaniambia haijafa, ukanipa na sababu." Alikamua kitambaa. "Ulikuwa na haki, Mwangangi. Sasa mbona uliniamini?"

Alizunguka akaanza upande wa pili wa kioo.

"Hizi kazi za zamani ndizo zinalisha watu," akasema. "Kila chama kina programu moja nzee na mtu mmoja anayeijua. Huyo mtu akiwapo, mimi sina kitu cha kuuza. Hapa huyo mtu alikuwa wewe. Ningefanya nini, nikuombe ufe?"

"Na Susu?"

Kitambaa kikasimama kidogo, halafu kikaendelea. "Susu ana mbegu zake. Ile ya zamani inamjua. Hajapoteza kitu."

"Ulimwita wewe mwenyewe. Mbele ya watu wote."

"Ningeita nani? Mtu mwingine angekataliwa wangesema ni bahati mbaya, kitatengenezwa. Susu akikataliwa wanajua imekataa kweli." Akafungua mlango wa gari. "Ukikwama uniambie. Kutakuwa na kazi ya kuingiza majina, si mbaya. Msalimie Mutindi."

Nilikuwa nazunguka ofisi nikitafuta njia ya kwenda nyumbani ambayo haipiti kwa watu, ndipo nikasikia naitwa. Susu Mbula alikuwa amekaa kwa lile benchi la nje, lile la mara ya kwanza, kiondo mapajani. Alikuwa anamngoja Jonah ampeleke Kalamba.

"Mwangangi."

"Susu."

"Kaa."

Nikakaa. Alikuwa amevua kiatu kimoja anakandakanda vidole.

"Pale ndani umesema ni Jonah. Watu wakacheka."

"Walicheka, ndiyo."

"Ulikuwa unatania?"

Swali kama hilo mimi nina gunia la majibu yake. Ningemwambia, Susu, nilikuwa natafuta wa kumsukumia, si unanijua. Ningemwambia kompyuta ilikuwa na njaa. Angecheka, angevaa kiatu, angepanda gari na mtoto wake, na nyumbani wangekunywa chai. Nilifungua mdomo, nikangoja, kama mtu aliyefungua bomba. Hakuna kilichotoka. Mbuzi wa mtu alipita mbele yetu. Nilikuwa bado nimefungua mdomo.

"Basi," Susu akasema.

 Halafu akauliza, kwa ile sauti ya kuuliza bei, "Ile ya zamani, bado inanijua?"

"Inakujua, Susu. Hata mimi nisipokuwapo."

"Wapi ndani yake?"

"Kuna mahali panaitwa BOMA-LA-MAMA. Mistari michache."

"Na mtu akitaka kunitoa?"

"Anaifuta tu."

"Na ni Jonah sasa ndiye ameshika."

"Ndiye."

"Si alikuwapo ukiiandika?"

"Ndiye aliyenitamkia, Susu. Mimi niliandika tu."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekubali hesabu. Kule mbele Jonah akapiga honi, ile honi ya mtu wa kwenu, fupi mara mbili. Susu hakuinuka. Alivaa kiatu, akafunga kamba vizuri, akaweka kiondo tena mapajani na mikono juu yake.

"Kamwambie aende," akasema. "Mimi nitapanda basi."

"Susu, basi la Kalamba limeshaondoka."

"Nitalala kwa Mutindi. Si mna nyumba mpaka mwisho wa mwezi?"

Nikaenda. Jonah alikuwa ameshawasha gari, kiwiko nje ya dirisha, mlango wa upande wa pili ameuacha wazi kwa ajili ya Susu.

"Susu anasema uende," nikamwambia. "Hapandi."

Aliangalia kule kwa benchi, halafu akaniangalia mimi. Akatabasamu, akangoja nami nitabasamu. Nilisimama pale, uso wangu mkavu.

"Mwangangi, wacha hizo," akasema. "Kamwite."

Injini ilikuwa inanguruma. Alizidi kuniangalia, akingoja nicheke.